Misemo ya kukumbukwa: mwongozo kamili wa kuikusanya, kuihakiki na kuitumia

Msemo uliokaa vizuri kichwani humfaa mtu saa ambayo hana nafasi ya kufungua kitabu: anapoombwa aseme neno mbele ya watu, anapomwandikia mwenzi waliyekosana, anapokesha akiwaza. Ndiyo maana watu wamekuwa wakiikusanya tangu kale. Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, aliamuru misemo ya Kilatini na Kigiriki iandikwe kwenye boriti za dari ya maktaba yake, ili akiinua macho aione. Erasmus wa Rotterdam, msomi wa Uholanzi, alichapisha mwaka 1500 mkusanyo wa methali za kale zipatazo 800. Aliendelea kuuongeza maisha yake yote, na alipofariki mwaka 1536 ulikuwa umepita methali 4,000. Alieleza pia zilikotoka na waandishi wa kale walivyozitumia.

Kazi hiyo ya kueleza ndiyo inayokosekana siku hizi. Misemo inatufikia kwenye simu ikiwa imeandikwa juu ya picha, na jina la mtu maarufu chini yake. Nani alisema, akimwambia nani, kwa sababu gani, hakuna anayesema. Mimi naamini msemo ulionyang'anywa mahali pake umenyang'anywa nusu ya nguvu zake, na mara nyingine unasema kinyume cha ulichokusudiwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka mkusanyo wake mwenyewe, mdogo lakini wa kutegemewa.

Hatua ya kwanza: chagua kwa subira

Usinakili msemo siku ile ile uliokupendeza. Uache siku chache. Ukijikuta unaukumbuka bila kuutafuta, hapo unastahili kuingia daftarini. Jina la msemaji lisikushawishi. Watu wakubwa wamesema mengi ya kawaida, na methali zetu nyingi hazina mwenyewe kabisa.

Halafu upime kwa kuuvua mapambo. Urudie kwa maneno makavu kabisa, uone kama kuna kitu kinabaki. François de La Rochefoucauld, mwandishi Mfaransa aliyetoa kitabu chake cha semi fupi mwaka 1665, aliandika kwamba unafiki ni heshima ambayo uovu huitolea wema. Kwa maneno makavu: hata mtu mbaya hujifanya mwema, na kwa kufanya hivyo anakiri kwamba wema ni bora. Utamu umepungua, lakini wazo limesimama. Sasa chukua sentensi kama "Ndoto zako ndizo mbawa zako, ruka uwe wewe." Ivue mapambo, utabaki mikono mitupu.

Kipimo hiki kina sababu. Mwaka 2000 watafiti wawili, Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh, walichapisha jaribio ambamo watu walisoma misemo yenye vina na mingine yenye maana ile ile iliyoondolewa vina. Yenye vina ilionekana kuwa ya kweli zaidi. Wasomaji walipoonywa watenganishe maana na uzuri wa maneno, tofauti hiyo ilipungua. Sisi tuliolelewa na "haraka haraka haina baraka" na "haba na haba hujaza kibaba" tunajua sikio linavyoridhika kabla akili haijaulizwa. Basi iulize akili nayo.

Hatua ya pili: andika taarifa zote mara moja

Kila msemo upate ukurasa wake, au kadi yake, au faili lake kwenye simu. Andika maneno kama yalivyo bila kurekebisha chochote. Chini yake andika msemaji, kazi yalimotokea, mwaka na ukurasa au sura. Ikiwa ni tamthilia au riwaya, andika jina la mhusika anayesema, kwa kuwa mwandishi hawajibiki kwa kila neno analolitia kinywani mwa watu wake. Ikiwa ni tafsiri, taja aliyetafsiri, na kama umetafsiri mwenyewe sema hivyo. Kisha andika ulikoupata na tarehe. Mwisho, kwa sentensi mbili tatu, eleza kwa nini ulikushika. Wengi huruka sehemu hii, nami naiona ya thamani kuliko zote: miaka mitano baadaye utaelewa kutoka hapo ulikuwa mtu gani.

Mkusanyo ukikua utahitaji faharasa. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha njia yake mwaka 1686: kila mada huingizwa kwa herufi yake ya kwanza pamoja na irabu inayofuata, ili kurasa mbili tu za mwanzo wa daftari zitoshe kuelekeza kila kitu. Kwa Kiswahili njia hiyo inahitaji marekebisho, maana mapenzi, maisha, majuto na maumivu yote yangerundikana kwenye M-a. Tumia shina la neno: penzi liende P-e, juto liende J-u. Anayetumia simu hahitaji haya yote, anaweza kutafuta neno lolote. Lakini faharasa ya mkono ina faida moja, kwamba kila unapoijaza unakutana tena na misemo uliyokwisha kuisahau.

Hatua ya tatu: hakikisha ni wa nani

Usipuuze hatua hii hata kama mkusanyo ni wako peke yako. Mtu aliyesingiziwa maneno amedhulumiwa, na aliyeyasema kweli akafutwa jina amedhulumiwa zaidi.

Tazama sentensi hii: "Sikubaliani na unachosema, lakini nitatetea hadi kufa haki yako ya kukisema." Dunia nzima humpa Voltaire, mwandishi Mfaransa aliyefariki mwaka 1778. Aliyeiandika ni mwanamke Mwingereza, Evelyn Beatrice Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu Voltaire na marafiki zake. Alikuwa akieleza msimamo wa Voltaire kwa maneno yake mwenyewe, na kwa kuwa aliyatia katika alama za kunukuu, wasomaji wakadhani ni ya Voltaire. Sentensi ni nzuri mno, na mwenyewe karibu hatajwi.

Au ile inayosema wazimu ni kufanya jambo lile lile tena na tena huku ukitarajia matokeo tofauti. Hupewa Albert Einstein, aliyefariki mwaka 1955. Haijapatikana katika maandishi yake. Ilienea kwenye machapisho ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yakiwemo ya vikundi vya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Ukiusoma tena ukijua hilo, msemo unapata uzito mpya: unawahusu watu wanaopambana na uraibu, na wao wanajua vizuri kurudia kule kunavyouma. Jina la mwanasayansi lilikuwa limeuficha.

Mahatma Gandhi naye hupewa "Kuwa wewe mabadiliko unayotaka kuyaona duniani." Sentensi hiyo fupi haimo katika maandishi yake. Aliloandika mwaka 1913 ni kwamba kama tungeweza kujibadilisha sisi, mielekeo ya dunia nayo ingebadilika. Wazo ni jamaa, lakini maneno yake ni ya tahadhari zaidi, yana "kama", na hayamwamrishi mtu. Mimi ningeweka daftarini haya yake.

Utafutaji wenyewe unafanyika hivi. Chukua maneno manne au matano ya katikati ya msemo, yatie katika alama za kunukuu, uyatafute kwenye mtandao, hasa kwenye hifadhi za vitabu vilivyopigwa picha kurasa zake. Kama asili ni lugha nyingine, tafuta kwa lugha hiyo, kwa kuwa tafsiri za Kiswahili hutofautiana. Unachotaka ni mara ya kwanza maneno yalipochapishwa. Yakionekana miaka hamsini baada ya msemaji kufariki, tilia shaka. Msemo ule ule ukiwa umepewa watu wanne tofauti, tilia shaka. Ukikuta jina tupu, bila kitabu, barua wala hotuba, tilia shaka zaidi. Sikiliza pia lugha: mtu wa karne ya 18 hakuzungumza kama mhamasishaji wa leo.

Baada ya hapo uweke alama ya kiwango cha uhakika. Kuna maneno tuliyo nayo katika maandishi ya mtu mwenyewe. Kuna yaliyoripotiwa na mwingine: Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakuacha maandishi, na kauli yake kwamba maisha yasiyochunguzwa hayamfai binadamu kuyaishi tunaipata kwa mwanafunzi wake Plato, aliyeandika utetezi wa mwalimu wake katika kesi ya mwaka 399 kabla ya Kristo. Kuna yanayosingiziwa, na kuna yasiyojulikana mwenyewe. Huna haja ya kuyatupa haya ya mwisho. Andika tu "mwenyewe hajulikani" na uendelee kuyapenda.

Mara nyingine utakuta mnyororo. Mwanasayansi Isaac Newton alimwandikia mwenzake Robert Hooke kwamba kama ameona mbali zaidi, ni kwa kusimama mabegani mwa majitu. Lakini msomi John wa Salisbury, katika kitabu cha mwaka 1159, alikwisha kumtaja mwalimu Bernard wa Chartres kuwa ndiye aliyekuwa akitufananisha na vibete waliokaa mabegani mwa majitu. Andika mnyororo wote. Katika msemo huu hasa, mnyororo ni sehemu ya maana yake.

Hatua ya nne: soma kurasa zinazouzunguka

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii. Soma kurasa mbili kabla ya msemo na mbili baada yake. Kazi nyingi za kale hazina tena hakimiliki na zinasomeka bure, kwa hiyo kinachotakiwa ni saa moja ya utulivu.

Anza na mapenzi. "Mapenzi hushinda yote" huandikwa kwenye kadi za harusi, pete na keki. Yametoka katika shairi la kumi la kundi la mashairi ya wachungaji ya Virgil, mshairi wa Roma. Anayesema ni Gallus, mwanamume aliyeachwa. Mpenzi wake Lycoris amefuatana na mwingine, kuvuka theluji za milima ya Alps. Gallus anajaribu kujiponya: anawaza maisha ya wachungaji, anawaza kuwinda porini, anaona hakuna kinachosaidia. Ndipo anasema mapenzi hushinda yote, nasi pia tuyasalimie amri. Ni kauli ya mtu aliyeshindwa vita. Sisemi isitumike harusini, ila mimi nimeipenda zaidi tangu nilipojua, kwa sababu sasa inamfaa hata aliyeumizwa.

Blaise Pascal, mwanafalsafa Mfaransa, aliandika kwamba moyo una sababu zake ambazo akili haizijui. Wapenzi wameifanya yao. Katika mawazo yake, yaliyochapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kufa kwake, maneno yanayofuata yanazungumzia moyo unavyompenda Mungu na unavyojipenda wenyewe, na punde anasema kwamba moyo ndio unaomhisi Mungu. Mpenzi anayetumia msemo huu anaazima lugha ya imani. Akijua hivyo, ataona kwa nini unasikika mzito kuliko sifa za kawaida.

Kuhusu tabia ya binadamu, hakuna mfano unaonifurahisha kama wa Terence, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Roma ya kale. "Mimi ni binadamu, na hakuna la kibinadamu ninaloliona geni kwangu." Cicero na Seneca, waandishi wa Roma, waliunukuu kwa heshima, na Montaigne aliuweka kwenye boriti zake. Unatoka katika komedi ya mwaka 163 kabla ya Kristo. Jirani mmoja, Chremes, anaingilia mambo ya mwenzake anayejitesa kwa kazi shambani. Mwenzake anamuuliza: una nafasi kiasi gani katika mambo yako hata ushughulikie ya wengine yasiyokuhusu? Jibu la Chremes ndilo hilo. Yaani msemo mkuu wa utu ulizaliwa kinywani mwa jirani mdadisi, na kadiri mchezo unavyoendelea tunagundua kwamba yaliyomo nyumbani kwake mwenyewe hayajui. Je, umepungua thamani? Hata kidogo. Unatufundisha kwamba huruma na udadisi hutoka mlango mmoja, na anayetaka kuwajali watu lazima ajichunguze ni kipi kimemtoa nje.

Shakespeare naye yumo. "Uwe mkweli kwa nafsi yako" ni maneno ya Polonius kwa mwanawe Laertes katika tamthilia ya Hamlet. Haupiti muda, Polonius huyo huyo anamtuma mtumishi kwenda kumpeleleza kijana, tena akimruhusu amzulie makosa madogo madogo ili watu wafunguke. Mshauri wa ukweli anaeneza uongo juu ya mwanawe. Ushauri wenyewe bado ni mzuri. Ila mhusika ametuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuusema.

Sanaa nayo ina yake. "Maisha ni mafupi, sanaa ni ndefu" hutundikwa katika vyumba vya wachoraji, kana kwamba maana yake ni kazi kuishi baada ya msanii kufa. Ni mwanzo wa semi za utabibu zinazohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, na unaendelea: fursa hupita upesi, majaribio ni ya hatari, uamuzi ni mgumu. Fani inayotajwa ni ya tabibu mbele ya mgonjwa, ambayo kujifunza kwake hakuishi ilhali muda umekwisha. Mchoraji au mwandishi anayeufahamu hivyo anapata kitu bora kuliko ahadi ya kukumbukwa: anaambiwa aharakishe kujifunza. Mwandishi Oscar Wilde, mwaka 1891, alimaliza dibaji ya riwaya yake kwa kusema sanaa yote haina faida kabisa. Wengi husikia dharau. Msomaji mmoja alimwandikia kuuliza, naye akamjibu kwamba sanaa haina faida kama ua lisivyo na faida: ua huchanua kwa furaha yake lenyewe.

Hatua ya tano: ugombanishe na mwingine

Kila msemo mzuri una mpinzani wake. "Haraka haraka haina baraka," na papo hapo "ngoja ngoja huumiza matumbo." Usiamue upi ni wa kweli. Jiulize kila mmoja unamfaa nani, na wakati gani. Aliyezoea kukurupuka anauhitaji wa kwanza. Anayeahirisha kila jambo akiita woga wake subira anauhitaji wa pili, na kwa bahati mbaya huwa anaupenda wa kwanza. Hapa ndipo misemo inapokuwa ya hatari: tunachagua ile inayotubariki tulivyo.

Kwa hiyo kwenye kila ukurasa acha nafasi ya mpinzani. Karibu na kauli ya Sokrates kuhusu kuyachunguza maisha, mimi ningeweka aliyoyaandika Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, katika shajara yake mwaka 1843: ni kweli wasemavyo wanafalsafa kwamba maisha hueleweka kwa kutazama nyuma, lakini wanasahau kwamba tunayaishi kwa kwenda mbele. Wanaomnukuu kwa kawaida huacha lile lawama kwa wanafalsafa, na ndilo lenye makali. Karibu na Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani aliyeandika mwaka 1888 kwamba kisichoniua hunipa nguvu zaidi, weka jina la mtu yeyote unayemjua ambaye jambo halikumuua, na halikumpa nguvu pia.

Hatua ya sita: tumia mmoja, mahali pake

Katika hotuba au makala, msemo mmoja unatosha. Ikifika mitatu, msikilizaji anaanza kungojea mwingine badala ya kukufuata wewe. Usifungue nao. Jenga kwanza wazo lako kwa maneno yako, na msemo uje pale ambapo msikilizaji amekwisha kulihisi jambo lakini hajapata namna ya kulisema. Baada yake nyamaza kidogo, kisha urudi kwenye jambo mahususi. Usiufasiri neno kwa neno. Kama unahitaji kufasiriwa hivyo, umechagua usiofaa.

Mtaje mwenyewe kwa uaminifu na kwa ufupi: "Polonius anamwambia mwanawe", "inasemekana", "sijui nani alisema". Wasikilizaji hawamdharau anayesema hajui. Kama umefupisha, usidai ni maneno kamili.

Kwa mpenzi, chagua ulioishi nao, na useme ulikukuta wapi. Barua yenye msemo mmoja na mistari kumi ya kwako itahifadhiwa. Yenye misemo kumi ingeweza kumfikia mtu yeyote.

Kwa mfiwa au mgonjwa, ushauri wangu ni kuuacha nyumbani. La Rochefoucauld aliandika kwamba sote tuna nguvu za kutosha kustahimili misiba ya wenzetu. Ukienda kwa mfiwa na hekima tayari kinywani, unamthibitishia hilo. Nenda ukae. Akikuomba neno, sema jambo unalomkumbuka marehemu kwalo. Msemo unaweza kufuata miezi baadaye, naye akiwa ameanza kutafuta maneno mwenyewe.

Hatua ya saba: pitia na upunguze

Mara moja kwa mwaka soma daftari lote kwa kikao kimoja. Mingine itakuwa imechuja. La Rochefoucauld alitoa matoleo matano ya kitabu chake kati ya 1665 na 1678. Kila mara alikata, akabadili na kuongeza, na hata usemi mrefu wa kujipenda uliokuwa wa kwanza kabisa aliuondoa katika toleo la pili. Wewe pia kata bila huruma, ila usifute. Piga mstari mmoja mwembamba juu ya msemo ili maneno yaendelee kusomeka, kisha andika pembeni tarehe na sababu: nimegundua si wake, au nilikuwa na hasira, au sikubaliani nao tena. Uliobaki bila mstari baada ya mapitio matatu unastahili kujifunzwa kwa moyo, kwa sauti, pamoja na jina la aliyeusema na alikuwa anamwambia nani.